Mipangilio ya Programu ni Amana

Mji wa Gisenyi nchini Rwanda, ulio kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, umeshikana na mji wa Goma nchini Kongo kiasi cha kuwa mchuuzi wa mboga anayevuka mpaka asubuhi kwa miguu hujikuta, baada ya hatua chache tu, yumo katika dola nyingine yenye sarafu nyingine, kodi nyingine na nambari nyingine za simu, ilhali saa aliyoivaa mkononi haihitaji kusogezwa hata dakika moja. Na mchuuzi huyo huyo, lau angalipanda basi la kwenda Kampala, angalilazimika kuisogeza saa yake mbele kwa saa nzima. Mambo haya mwenyeji wa mpakani huyajua bila kufundishwa. Programu ya kompyuta haijui hata moja katika hayo mpaka iambiwe. Na swali la nani aiambie, aiambie mahali gani, na kwa tahadhari ipi, ndilo shina la makala hii.

Kila programu ya wavuti, iwe ya hoteli inayopokea wageni wa ufukoni, ya ushirika wa wavuvi wa samaki waitwao sambaza, wenye kutunza hesabu za uvuvi wao, au ya duka la jumla linalouza pande zote mbili za mpaka, imeundwa kwa sehemu mbili ambazo mwenye kuitumia hazioni kwa macho. Sehemu ya kwanza ni msimbo, yaani mafungu ya amri yanayoielekeza kompyuta namna ya kupokea agizo, kujumlisha bei na kutoa risiti. Sehemu ya pili ni mipangilio, nayo ni zile thamani ambazo msimbo huzihitaji ili utende kazi mahali maalumu na wakati maalumu: anwani ya hifadhidata na nywila yake, ufunguo wa huduma ya malipo kwa simu, sarafu, kiwango cha kodi, ukanda wa saa, lugha, na nyakati za kufungua na kufunga. Mizani ya sokoni ni moja, lakini mawe yake hubadilishwa kwa kadiri ya mzigo. Na mfanyabiashara aliyeyachomelea mawe yake kwenye mizani atalazimika kutafuta mizani mpya kila aletewapo mzigo wa uzito mwingine.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kutenganisha. Kile kinachotofautiana baina ya mahali na mahali, au baina ya zama na zama, kisiandikwe ndani ya msimbo, bali kiwekwe nje yake, katika faili la mipangilio au katika thamani ambazo seva huikabidhi programu wakati inapoanza kutenda kazi. Haja ya jambo hili hudhihirika mara tu programu inapokuwa na makazi zaidi ya moja, na aghalabu huwa nayo matatu: kompyuta ya mtengenezaji, seva ya majaribio, na seva ya kweli inayohudumia watu. Msimbo katika makazi hayo yote sharti uwe mmoja, la sivyo majaribio hayatathibitisha kitu. Mipangilio sharti iwe mbalimbali, la sivyo mtengenezaji anayejaribu malipo atawatoza wateja wa kweli. Mwaka 2011 Adam Wiggins, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Heroku ya Marekani, aliandika kanuni kumi na mbili za utengenezaji wa programu za wavuti, na katika kanuni ya mipangilio akaweka kipimo ambacho hadi leo sijaona kilicho bora kuliko hicho: je, msimbo wako waweza kutangazwa hadharani saa hii bila siri yoyote kufichuka? Ikiwa jibu ni hapana, basi utenganisho haujatimia.

Tuanze na saa, maadamu ndiyo inayodhaniwa na wengi kuwa nyepesi. Rwanda imeitangulia saa ya ulimwengu, ambayo kwa kifupi huandikwa UTC, kwa saa mbili, na kadhalika mashariki ya Kongo. Kinshasa imeitangulia kwa saa moja tu. Uganda, Kenya na Tanzania kwa saa tatu. Kwa hiyo hata kujua nchi hakutoshi kujua saa, kwani Kongo moja ina saa mbili. Sasa tuchukue mfano wa hoteli ya Gisenyi ambayo programu yake imekodishiwa seva Ulaya, na seva hiyo, kama zilivyo seva nyingi, inafuata UTC. Mgeni anayelipia kinywaji saa saba ya usiku wa kuamkia tarehe mosi ya mwezi ataandikwa na seva kuwa amelipa saa tano ya usiku wa siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, na kwa hivyo mapato ya mwezi mmoja yataingia katika daftari la mwezi mwingine, na mhasibu atakesha akitafuta upungufu usiokuwapo. Dawa yake ni kuhifadhi kila tukio kwa UTC, kisha kuiweka katika mipangilio thamani ya Africa/Kigali, ambayo kwayo programu itageuza saa wakati wa kuonyesha na wa kufunga hesabu. Na tawi likifunguliwa Kampala, litapewa thamani yake bila kuguswa mstari hata mmoja wa msimbo.

Sarafu nayo ina mtego uliofichika zaidi. Kwa mujibu wa kawaida ya kimataifa ya ISO 4217, faranga ya Rwanda haina senti katika hesabu, sawa na faranga ya Burundi na shilingi ya Uganda, ilhali shilingi za Kenya na za Tanzania, faranga ya Kongo, na dola ya Marekani ambayo hutumika sana Goma, huhesabiwa kwa tarakimu mbili baada ya nukta. Huduma nyingi za malipo hutaka zipelekewe kiasi kwa kipimo cha chini kabisa cha sarafu husika. Kwa hiyo mtengenezaji aliyejifunza kazi yake kwa dola, na akazoea kuzidisha kila bei kwa mia moja, atamtoza mteja wa Gisenyi faranga 500,000 kwa bidhaa ya faranga 5,000. Hapa yapasa idadi ya tarakimu iambatane na jina la sarafu ndani ya mipangilio, wala isiachiwe mazoea ya mwandishi wa msimbo.

Yamkini msomaji atauliza kama mambo haya hubadilika mara nyingi kiasi cha kustahili taabu hii yote. Historia ya karibu yatosha kumjibu. Tarehe 1 Januari 2006 Rwanda ilipanga upya utawala wake, mikoa ikapungua kutoka 12 hadi 5, Jiji la Kigali likiwemo, na wilaya kutoka 106 hadi 30, na mji wa Gisenyi ukawa ndani ya Wilaya ya Rubavu katika Mkoa wa Magharibi. Kila orodha ya anwani iliyokuwa imechorwa ndani ya programu ikawa si sahihi kwa siku moja. Mwaka 2017 Kiswahili kiliongezwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Mwezi wa Aprili 2020 Kenya iliteremsha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Katika siku zile zile za korona saa za watu kuwa majumbani zilibadilishwa Rwanda mara kwa mara, na mwenye programu ya kupokea maagizo ya chakula aliyeweka saa ya kufunga katika mipangilio aliibadili kwa muda mfupi, ilhali aliyeizika ndani ya msimbo alilazimika kumngoja fundi.

Walakini mfano wa Kenya una somo la pili, nalo ni kwamba kubadili thamani peke yake hakutoshi. Risiti ya Machi 2020 itakapochapishwa tena baada ya miaka miwili, ni wajibu ioneshe kodi ya Machi 2020. Thamani ya namna hii huhifadhiwa pamoja na tarehe ya kuanza kwake, ili programu iulize daima kiwango kilikuwa kipi siku ya mauzo, na wala isiulize kiwango ni kipi leo. Aliyefuta 16 na kuandika 14 juu yake aliharibu kumbukumbu za nyuma alipokuwa akitengeneza za mbele.

Fauka ya hayo, kuna mipangilio ambayo ni siri, na hapo ndipo jina la amana linapostahili kwa ukamilifu wake. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia katika hazina ya msimbo ya kampuni ya usafiri ya Uber, wakakuta humo funguo za mahali ilipohifadhiwa data, na kwa funguo hizo wakachukua habari za watu milioni 57, madereva na abiria. Kampuni ililikiri jambo hilo Novemba 2017, na mwaka 2018 ikakubali kuyalipa majimbo ya Marekani dola milioni 148. Hazina ile haikuwa ya hadharani, na hilo halikuikinga. Ni sharti ifahamike kwamba hazina ya msimbo hukumbuka kila kilichowahi kuwekwa ndani yake, hivyo kufuta nywila katika toleo la leo hakuiondoi katika matoleo ya jana. Nywila iliyovuja haina tiba isipokuwa kubatilishwa na kuwekwa nyingine. Kadhalika kuna mpangilio wa kuonyesha makosa kwa kina, unaomfaa mtengenezaji mezani pake. Ukiachwa wazi kwenye seva ya kweli, kila hitilafu humwonyesha mgeni yeyote mistari ya msimbo, njia za mafaili, na pengine thamani zenyewe za siri.

Kwa wakazi wa Rwanda kulinda siri hizi si jambo la hiari tena. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda data binafsi na faragha, humtaka mwenye kutunza data aijulishe mamlaka husika uvujaji wake ndani ya saa 48 tangu alipoutambua. Hoteli inayohifadhi nambari za pasipoti za wageni wake imo ndani ya sheria hiyo, ikijua au isijue.

Labaki suala la mabadiliko yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kubadili msimbo ni kazi nzito inayotaka majaribio na mashahidi, na kwamba kubadili mpangilio ni jambo jepesi la kufanywa na mtu mmoja alasiri moja. Dhana hii imeleta hasara kubwa. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa kwa kompyuta, ilitumia tena swichi ya zamani ya programu yake, yaani thamani ya kuwasha au kuzima kazi fulani, kwa kazi mpya. Seva saba kati ya nane zilikuwa zimepewa msimbo mpya, ya nane ikasahauliwa, na swichi ile ile ilipowashwa iliamsha humo kazi ya kale iliyoachwa miaka mingi. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Na tarehe 4 Oktoba 2021 badiliko la mipangilio katika vifaa vya mtandao wa Facebook liliizima huduma hiyo pamoja na WhatsApp kwa takribani saa sita duniani kote, hata kwa wachuuzi wa mpakani kwetu ambao hupokea maagizo kwa njia hiyo.

Kutokana na mikasa hii wataalamu wamekubaliana juu ya taratibu chache. Programu ikague mipangilio yake yote inapoanza, na ikikosa thamani ya lazima ikatae kuwaka na kutaja ilichokikosa, badala ya kujibunia. Kila badiliko liandikwe katika kumbukumbu, likionyesha nani kalifanya, lini, na thamani ya awali ilikuwa ipi, ili iwezekane kurejea upesi. Lijaribiwe kwanza kwenye seva ya majaribio, na mtu wa pili alikague. Wala mipangilio isikithirishwe ovyo: swichi kumi za kuwasha na kuzima huzaa hali 1,024 mbalimbali, na hakuna mwanadamu anayeweza kuzijaribu zote. Kinachobadilika kiwe mpangilio. Kisichobadilika kibaki katika msimbo. Na swichi iliyomaliza kazi yake iondolewe, isije ikaamshwa na asiyeijua.

Kwa hiyo namsihi kila mwenye duka, mkuu wa shule, meneja wa hoteli na katibu wa ushirika hapa Rubavu, atakapokabidhiwa programu na fundi wake, asitosheke na uzuri wa kurasa, bali amwulize maswali matatu. Siri zetu zimehifadhiwa wapi, na ni nani azijuaye? Serikali ikibadili kodi kesho, itachukua muda gani kuibadili katika programu? Na mtu akikosea thamani moja, tutajuaje, na tutarudije tulikotoka? Fundi anayeijua kazi yake atayajibu yote matatu papo hapo; na asiyeweza kuyajibu, kazi yake bado haijakamilika, naye hajastahili kulipwa ujira wake wote.