Simu, Redio ya Gari au Kuuliza: Gharama ya Kutopotea Kyela

Kutoka Uyole, Mbeya, hadi Ibanda ni vigumu kupotea. Lami kuu ni moja: Kiwira, Tukuyu, kisha unateremka mpaka joto la Kyela likupokee. Pesa huanza kumwagika baada ya hapo, kwenye njia panda za kwenda Kyela mjini, Kajunjumele, Ipinda na Kasumulu, ambako ramani ya simu na barabara yenyewe hazikubaliani siku zote.

Naandika kwa mtu ambaye safari yake ni wiki hii, ana laki mbili au tatu za safari nzima, na kuna rafiki anayemshawishi anunue kifaa cha GPS kabla hajaondoka. Usinunue. Simu uliyonayo, ramani uliyoipakua mapema na chaja nzuri ya gari vinatosha kukufikisha Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kinachobaki kiweke kwenye mafuta.

Wengi wanaamini GPS inakula bando. Haili. Mawimbi ya satelaiti hutolewa bure na serikali ya Marekani, na tangu 2 Mei 2000, walipoondoa kizuizi kilichokuwa kikipotosha vipimo kwa makusudi, raia yeyote mwenye kipokezi anapata vipimo vya kuaminika. Simu nyingi za sasa hupokea pia satelaiti za Urusi, China na Ulaya. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi tu. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe, hasa ukiiweka kwenye mwonekano wa picha za angani, pamoja na programu nyingine zinazojihuisha kimyakimya wakati data iko wazi. Bando likiisha katikati ya safari, salio la kawaida linaweza kuanza kuliwa, na hilo ni ghali zaidi.

Dawa yake ni kupakua ramani ukiwa nyumbani. Usipakue Kyela mjini peke yake; buruta mipaka ianzie Mbeya, ishike Kasumulu upande mmoja na Matema upande wa pili. Kisha zima data ukiwa sebuleni na uiambie simu ikupeleke Matema. Ikikupa njia, umefaulu. Ikigoma, heri igome hapo kuliko Ipinda saa moja usiku. Kumbuka pia kwamba ramani iliyopakuliwa ina muda wake. Kuna programu zinazoifuta isipohuishwa, kwa hiyo ile uliyoipakua Krismasi iliyopita huenda haipo tena.

Programu za bure ziko za aina mbili kubwa. Kuna zile za kampuni kubwa, ambazo ni hodari wa majina ya hoteli, vituo vya mafuta na maduka. Kuna zile zinazotumia ramani ya OpenStreetMap, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza Uingereza mwaka 2004, ambazo mara nyingi zinajua njia za vijijini na vichochoro ambavyo zile za kwanza hazivijui. Weka zote mbili, kwa kuwa hazikugharimu kitu zaidi ya nafasi kwenye simu. Zikipishana, simamisha gari uulize.

Tuje kwenye vya kununua. Magari mengi yanayoteremka Tukuyu yametumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, na mengi yana skrini nzuri katikati ya dashibodi. Dalali atakwambia, "Bosi, hii ina nevigesheni." Muulize: ina ramani ya wapi? Ni ya Japani. Inazungumza Kijapani, barabara zake ni za Japani, na haina habari na Kyela. Fundi akichomoa betri, baadhi ya redio hizo hudai kadi ya ramani au namba ya siri ambayo hakuna aliyekupa, na hata muziki unakatika. Kwa hiyo dalali asikuongezee bei ya gari hata shilingi elfu kumi kwa sababu ya skrini hiyo. Mafundi wanaojitolea kuibadilisha lugha wapo, lakini lugha ikibadilika ramani inabaki ya Japani.

Redio mpya za Android, zile za skrini pana, ni jambo jingine. Zinafanya kazi kweli. Lakini bei anayokutajia muuzaji ni ya redio tupu. Juu yake kuna fremu ya kuikalisha kwenye dashibodi ya gari lako, nyaya, ufundi, na mara nyingi kamera ya nyuma ambayo hukuiomba. Ukimaliza, utakuwa umetumia laki kadhaa, na bado redio hiyo itahitaji intaneti kutoka kwenye simu yako. Kuna kasoro nyingine ambayo muuzaji haitaji: antena yake ndogo ya GPS. Fundi mvivu huisukumia nyuma ya dashibodi chini ya chuma, na hapo gari lako linaonekana kama linapita katikati ya mashamba. Mwambie aibandike juu, karibu na kioo cha mbele. Kama unaendesha abiria kila siku, redio hii itarudisha pesa yake. Kwa safari moja ya Matema, hapana.

Kifaa cha GPS cha kubandika kwenye kioo ndicho ninachokipinga zaidi. Kinauzwa ghali, hukipati kirahisi nje ya miji mikubwa, na ramani ya Afrika Mashariki mara nyingi hununuliwa kando. Ukiacha kuihuisha, inazeeka. Hilo ni hasara ya kweli huku, kwa sababu barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema, kilomita 39.1, ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi kabla ya kuwekewa lami. Ramani ya zamani bado inaihesabu kama vumbi. Ukiwa Tukuyu, mashine inalinganisha njia mbili: ile ndefu ya kushuka Ibanda hadi Kyela, na ile inayokata kupitia Masoko hadi Ipinda. Ikiwa inadhani zote mbili zina vumbi, inakuchagulia ile inayoonekana fupi. Simu nayo inaweza kukufanyia hivyo, ila simu unaweza kuihuisha bure.

Njia ya Masoko ni nzuri kwa anayetaka kuona ziwa la kreta lililopo pale, akiwa na gari la kimo na mchana mwingi mbele yake. Kwa gari dogo lenye mizigo na watoto, zunguka Kyela. Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme lita ni shilingi 3,000 (EWURA hutangaza bei mpya kila mwezi, weka ile ya sasa) na gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Kuzunguka kilomita 30 zaidi kwenye lami ni shilingi 9,000. Tairi moja lililochanika kwenye mawe, au bampa la mbele, havirudishwi kwa 9,000.

Majina ndiyo yanayokula pesa za wageni kuliko kitu kingine, na hakuna kifaa cha bei yoyote kinachokinga hilo.

Chukua Songwe. Ukiandika neno hilo kwenye simu ukiwa Mbeya, unaweza kuletewa mkoa mzima uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, uwanja wa ndege uliopo upande wa njia ya kwenda Tunduma, mto unaomwaga maji Ziwa Rukwa, au mto mwingine wa jina hilohilo unaotutenganisha na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa. Anayetaka mpaka wa Malawi aandike Kasumulu. Nimemwona mtu na familia yake wamefika getini uwanja wa ndege wakitafuta mpaka. Kutoka Mbeya mjini hadi hapo na kurudi ni lita tano hivi, shilingi 15,000, na asubuhi yote imekwisha.

Kiwira nayo ni hivyo hivyo. Kuna Kiwira mji, kwenye baridi ya Rungwe, kabla hujafika Tukuyu. Kuna Bandari ya Kiwira, ufukweni Kyela. Kati ya hizo mbili ni zaidi ya kilomita 60. Abiria wa basi ndiye anayeumia hapa: anamwambia konda "Kiwira", analipa nauli ya Kiwira, anashushwa kwenye viazi na ndizi akiwa na tiketi ya meli. Mwambie konda Kyela, kisha mjini utafute usafiri wa kwenda bandarini. Na kama unapanda MV Mbeya II, meli ya abiria iliyoanza kazi mwaka 2021, piga simu kwanza uulize inapakia Itungi au Kiwira. Bandari ya Itungi imesumbuliwa sana na mchanga unaoletwa na mto, na simu itakupeleka kwa uhakika kabisa kwenye gati ambalo siku hiyo halina meli.

Masoko, mahali, huchanganywa na masoko ya kuuzia nyanya. Andika "Masoko Rungwe" au "Ziwa Masoko".

Halafu kuna lokesheni unayotumiwa na mwenyeji. Mama mmoja mwenye vyumba vya wageni Matema alinitumia ya kwake, nikaifuata kwa utii mpaka katikati ya soko la mchele Ipinda. Nilipompigia akaniambia, "Pole mwanangu, asubuhi nilikuwa huko nanunua mchele." Alikuwa amebonyeza lokesheni ya mahali alipo, si ya nyumbani kwake. Tangu siku hiyo naomba vitu vitatu: lokesheni ya nyumba yenyewe, jina la kitu kikubwa kilicho karibu kama kanisa, shule au zahanati, na namba ya mtu atakayekuwepo. Havina gharama yoyote.

Ukivuka Matema, usiidai simu barabara. Milima ya Livingstone inaangukia ziwani moja kwa moja, na Ikombe, kwa wafinyanzi wa Kikisi wanaotengeneza vyungu, unafika kwa miguu au kwa mtumbwi. Programu ikikuambia kwamba kwa gari kutoka Matema hadi Ludewa inabidi urudi upande wa Mbeya, uzunguke hadi Njombe, inasema kweli, hata kama kwa macho unaona ni hapo tu. Bei ya mtumbwi kubaliana kabla hujapanda, na uliza kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi, maana hapo ndipo ugomvi huanzia.

Mvua nazo ramani haizijui. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kati ya Machi na Mei mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika tambarare za mpunga. Simu itakuonyesha njia ya kijijini yenye mstari safi, kumbe kivuko kimefunikwa. Miezi hiyo baki kwenye lami, na kabla ya kuiacha mpigie aliyeko huko.

Sasa vitu vya kununua ambavyo nakubaliana navyo. Cha kwanza ni chaja ya gari yenye nguvu. Skrini ikiwaka muda wote, chaja dhaifu haishindani nayo. Unafika Ibanda simu iko asilimia 20 ingawa ilichomekwa tangu Mbeya. Ongeza shilingi elfu chache upate ya kuchaji haraka, na waya mzima. Cha pili ni kishikio cha simu. Changu nilikipata Mwanjelwa, Mbeya, kwa shilingi 12,000. Chagua cha kubana kwenye tundu la kiyoyozi kuliko cha kunata kwenye kioo, kwa sababu kinachopoza gari kinapoza simu pia. Tukuyu utatamani sweta, lakini saa moja baadaye uko kwenye joto la Kyela, na simu iliyoachwa juani kwenye dashibodi hupata moto, inaacha kuchaji, kisha inajizima katikati ya maelekezo.

Tenga pia elfu chache za bodaboda. Ukifika usiku na nyumba haionekani, mlipe kijana wa boda akutangulie. Taja bei kabla, kwa adabu, na malizia na "ndaga", asante ya Kinyakyusa. Kilomita mbili za mwisho kati ya mashamba ya kokoa na migomba, boda huyo ana faida kuliko satelaiti zote.

Gharama mbili bado, na hizi hazitangazwi na mtu. Kwanza, simu inajua uko wapi lakini mara nyingi haijui kibao cha 50 kiko wapi. Mteremko wa Tukuyu umejaa makazi, na kosa moja la mwendo ni faini ya shilingi 30,000, zaidi ya kishikio na chaja pamoja. Angalia vibao, si skrini.

Pili ni Kasumulu. Ukikaribia mpaka, simu inaweza kudaka minara ya Malawi, na data ya ugenini hutozwa kwa bei yake. Zima rominga kabla hujafika Ibanda. Katika mipangilio hiyohiyo, zima saa inayojirekebisha yenyewe: Malawi wako nyuma yetu saa nzima, na simu iliyodaka mnara wa ng'ambo usiku itakuamsha saa 12 ya kule wakati Kyela ni saa 1 na basi la asubuhi limeshapita Ibanda.