Wimbo ni wa Nani: wa Aliyetunga au wa Aliyeimba?

Alipofariki Kenny Rogers mwezi wa Machi 2020, mwimbaji ambaye kaseti zake zilipata kuvuma katika mabasi na sebule nyingi za Afrika Mashariki, walio wengi walimkumbuka kwa wimbo wake wa mcheza kamari, "The Gambler", kana kwamba kisa kile cha garimoshi la usiku kilimfika yeye mwenyewe. Nilipomwambia mzee mmoja jirani yangu, ashiki mkubwa wa nyimbo hizo, kwamba Rogers hakuutunga wala hakuwa wa kwanza kuurekodi, alinitazama kama mtu aliyemsingizia marehemu. Na kumbe mtunzi ni Don Schlitz, ambaye mwaka 1976, akiwa kijana wa miaka 23, alikuwa akifanya kazi ya zamu ya usiku kwenye mitambo ya kompyuta ya chuo kikuu mjini Nashville. Bobby Bare akautia katika santuri yake mwaka 1978, Johnny Cash naye akaurekodi mwaka uo huo, wala hapana aliyeshughulika nao sana mpaka Rogers alipoutia ile sauti yake ya mkwaruzo.

Kwetu sisi watu wa pwani jambo hili halina ugeni. Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad mpaka uzeeni mwake, na aliyemsikia hakusema kwamba ameiba, bali alisema kwamba Siti hajafa. Nashville nako, mji ulio kitovu cha muziki wa kantri, mtunzi na mwimbaji ni kazi mbili mbalimbali kama zilivyo kazi za mshoni na mvaaji. Hata sheria imeliafiki hilo: tangu mwaka 1909, wimbo ukishatolewa kwa mara ya kwanza kwa idhini ya mwenyewe, mtu yeyote huko Marekani ana haki ya kuurekodi upya, apende mtunzi asipende, maadamu atatoa taarifa na kumlipa ada iliyowekwa kwa kila nakala.

Ada hiyo si jambo dogo, na Dolly Parton aliijua thamani yake mapema. Mwaka 1973, alipoazimia kuachana kikazi na Porter Wagoner, aliyemwingiza katika kipindi chake cha televisheni tangu mwaka 1967, alimtungia wimbo wa kumuaga, "I Will Always Love You", nao mwaka uliofuata ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri. Elvis Presley akautamani. Wakala wake, Kanali Tom Parker, akashikilia kwamba nusu ya haki za utunzi iwe ya upande wao, la sivyo Elvis hataurekodi. Dolly, ambaye alikwisha kutangaza kwa furaha kwamba mfalme ataimba maneno yake, alikataa, akalia usiku kucha. Miaka karibu ishirini baadaye, mwaka 1992, Whitney Houston akauimba kwa ajili ya filamu ya "The Bodyguard", ukakaa wiki 14 kileleni mwa orodha kuu ya Marekani, na ada yote ya utunzi ikaenda kwa yule aliyelia.

Dolly amesimulia kwamba siku alipoisikia sauti ya Whitney redioni kwa mara ya kwanza, alikuwa akiendesha gari, ikambidi asimame kando ya njia asije akapata ajali. Namsadiki. Whitney anaanza bila chombo chochote, sauti peke yake, kisha anapanda na kupanda hata msikilizaji akashika kiti. Lakini mimi, nikiulizwa, hurudi kwa Dolly, kwa sababu katika ubeti mmoja anaacha kuimba kabisa, akanena tu, kwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni na mzigo wake mkononi. Whitney anatuonyesha ukubwa wa mapenzi; Dolly anaondoka kweli.

Hapo ndipo penye mizani yangu. Waimbaji wengi warudiao nyimbo za kale hudhani kwamba wajibu wao ni kuongeza: madoido, ngoma, vinanda, na kuivuta silabi moja mpaka maana ikakatika. Mwimbaji hodari wa kantri aghalabu hupunguza, kwa kuwa amelelewa katika muziki unaoyatanguliza maneno, na neno likifunikwa na mapambo kisa kimepotea.

Tazama alivyofanya Johnny Cash mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 70, macho yamefifia na pumzi fupi, alipouchukua "Hurt", wimbo wa Trent Reznor wa mwaka 1994, uliotungwa na kijana kwa ajili ya mitambo yenye kelele. Cash aliuimba kwa gitaa na piano, akabadili neno moja tu la uchafu, akaweka miiba mahali pake, na kwa neno hilo taji la mtu aliyejiharibu likawa taji la Masihi. Mwenye kovu usidhani kapoa: yaliyokuwa majuto ya kijana yakawa hesabu ya mzee anayekaribia kaburi. Katika filamu fupi ya wimbo huo mkewe, June Carter, anaonekana kwenye ngazi akimtazama kwa huzuni. Yeye alifariki Mei 2003, na Cash akamfuata Septemba.

Lakini si lazima kila anayerudia aubadili wimbo. Luke Combs, mwana wa North Carolina mwenye ndevu nyingi, alijifunza "Fast Car" wa Tracy Chapman tangu utotoni, kutoka katika kaseti iliyokuwa ikipigwa ndani ya gari la babake. Alipourekodi mwaka 2023 hakugeuza kitu, hata mahali ambapo msimulizi anajitaja kuwa ni msichana mwenye kibarua cha kupokea fedha dukani. Wengine walimcheka kwa hilo. Mimi naona ndiyo adabu yenyewe, kwani kisa ni cha mwenyewe. Mwaka huohuo, miaka 35 tangu wimbo utoke, Chapman akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupata tuzo ya wimbo bora ya chama cha muziki wa kantri.

Februari 2024 wawili hao walisimama jukwaani pamoja katika hafla ya tuzo za Grammy. Chapman alianza kwa gitaa lake, akitabasamu. Na kila ilipofika zamu yake ya kuimba, Combs alimwelekea, midomo yake ikiyafuata maneno bila ya kutoa sauti.