Njia ya zahanati huku delta inaanzia kwenye maji

Msikilizaji, zahanati ikijengewa njia ya mteremko pembeni ya ngazi, tunashukuru. Lakini huku delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, safari ya mgonjwa haianzii mlangoni pa zahanati. Inaanzia kwenye maji.

Chukulia mtu asiyetembea, anakaa kijiji kimojawapo cha kata ya Mbuchi au Maparoni. Maji yakijaa, mtumbwi unasogea hadi karibu na nyumba. Yakipwa, kati ya mtumbwi na nchi kavu kuna matope na mizizi ya mikoko, na kitimwendo hakipiti hapo. Itabidi abebwe mgongoni. Wa kumbeba asipopatikana, siku ya kliniki imempita. Tena maji hayana saa moja: kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50, wakati kliniki inafunguliwa saa ileile. Kwa mama mjamzito, au mtu anayetumia dawa za kifafa kila siku, kukosa safari moja si jambo dogo.

Haya mchora ramani wa mjini hawezi kuyajua asipouliza. Ndiyo maana ya kuwashirikisha watu wenye ulemavu: waulizwe kabla ramani haijachorwa na bajeti haijapitishwa. Kumwita mtu mmoja aje asaini mahudhurio, kisha apige picha na wageni, sisi hatuuiti ushirikishwaji.

Kiziwi naye ana lake. Anaingia kwa daktari na mtoto wake wa miaka kumi amtafsirie, na ugonjwa wenyewe ni wa siri. Mama huyo atasema yote? Mkutano wa kumuuliza nao unahitaji mkalimani wa lugha ya alama, la sivyo atakaa tu akitazama midomo ya watu. Wasiotoka nyumbani wafuatwe hukohuko, na anayeitwa mbali alipiwe nauli ya boti.

Hili si suala la huruma. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, muulize mwenyekiti: kamati yetu ipo? Wajumbe ni nani? Na je, kamati inayosimamia zahanati imewahi kukaa nao?