Kusawazisha Rangi ya Flashi na Mwanga wa Taa za Mirija katika Picha za Uwandani: Mfano wa Mikeka ya Ukindu ya Bonde la Rufiji

Ikisiri

Makala hii inafafanua chanzo cha mgongano wa rangi unaotokea pale flashi ya kamera inapotumika ndani ya chumba chenye taa za mirija, na namna ya kuuondoa. Hoja yake ya msingi ni kwamba picha za uwandani ni data. Kwa hiyo, kosa la rangi ni kosa la data. Mfano unaotumika ni upigaji picha wa mikeka ya ukindu katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, kama vile Mbwara.

1.0 Utangulizi

Majina mengi ya rangi katika Kiswahili yametokana na vitu. Kijani kimetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda la jina hilo. Kutokana na hali hiyo, mtafiti wa msamiati wa rangi hawezi kukwepa kumwonyesha mtafitiwa kitu, na pale kitu chenyewe kisipoweza kubebwa, humwonyesha picha yake. Iwapo picha imepotosha rangi, mtafitiwa atataja kwa uaminifu kile anachokiona, na mtafiti atakiandika kwa uaminifu uleule. Hata hivyo, kilichorekodiwa kitakuwa ni tabia ya taa, si msamiati wa jamii.

Mkeka wa ukindu ni mfano mzuri wa tatizo hili. Mkeka huo hushonwa kutokana na kili zilizosukwa kwa ukindu uliotiwa rangi na ule ulioachwa na weupe wake wa asili. Nakshi yake hutegemea tofauti ndogo kati ya rangi jirani: wekundu na hudhurungi, zambarau na weusi, manjano na weupe uliozeeka. Tofauti hizo ndizo za kwanza kupotea pale mwanga unapochanganyika.

2.0 Chanzo cha Mgongano

Flashi ya kamera hutoa mwako wa gesi ya zenoni. Mwanga wake una rangi zote za upinde wa mvua kwa mfululizo, na joto lake la rangi hukaribia kelvini 5500, yaani karibu na mwanga wa jua la mchana. Taa ya mirija, inayojulikana mitaani kama tyubulaiti, hufanya kazi kwa njia nyingine. Umeme hupita katika mvuke wa zebaki, mvuke hutoa mionzi ya urujuanimno, na unga uliopakwa ndani ya mrija huigeuza mionzi hiyo kuwa mwanga unaoonekana. Balbu za msokoto za kubana matumizi hufuata utaratibu huohuo.

Mwanga unaopatikana hivyo hauna mfululizo kamili. Una vilele vikali, kikiwamo cha kijani katika urefu wa wimbi wa nanomita 546, na mara nyingi una upungufu katika sehemu ya wekundu. Jicho la binadamu hulizoea jambo hilo kiasi cha kutolitambua, kamera hailizoei.

Kwa hiyo, mizani ya weupe ya kamera ikipangwa kwa ajili ya flashi, mkeka ulio mbele huonekana sawa ilhali ukuta na watu walio nyuma huwa na ukijani. Ikipangwa kwa ajili ya taa, nyuma hutakasika lakini mkeka huelekea wekundu wa zambarau. Marekebisho ya baadaye katika kompyuta hayatoshi, kwani kila sehemu ya picha ina mchanganyiko wake wa mianga miwili: kinachoponya upande mmoja huharibu mwingine. Athari hiyo huonekana pia katika nyuso za watafitiwa. Ngozi ya maji ya kunde, ambayo uhai wake katika picha hutegemea wekundu, huonekana ya kijivu na kama ya mgonjwa.

3.0 Utaratibu wa Kusawazisha

Kanuni ni moja: flashi ifanywe ifanane na taa, kisha kamera ipangwe kwa mwanga huo mmoja. Hili hufanyika kwa kufunika flashi kwa vichujio vya plastiki. Kichujio cha kijani hulinganisha kilele cha kijani cha taa. Kichujio cha pili hulinganisha joto la rangi, nacho huchaguliwa kwa kipimo cha miredi, yaani milioni moja ikigawanywa kwa kelvini. Flashi ya kelvini 5500 ina miredi 182. Taa ya kelvini 4000 ina miredi 250. Tofauti ni 68, na kichujio cha rangi ya chungwa cha daraja la robo, chenye miredi 64 hivi, kinatosha. Iwapo taa ni ya kelvini 6500, yenye miredi 154, kinachohitajika ni kichujio hafifu cha buluu.

Baada ya hapo, mtafiti hupiga picha ya kadi ya kijivu chini ya mianga yote miwili na kuitumia kupanga mizani ya weupe. Ni vyema picha zihifadhiwe katika faili ghafi.

Kasi ya shata nayo ina nafasi yake. Umeme wa Tanzania una mzunguko wa hezi 50, hivyo taa ya mrija yenye chokoo ya zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi ya 1/100 au 1/50 hukusanya mipepeso kamili. Kasi ya 1/200 huweza kunasa nusu tu ya mpepeso, na rangi ya taa ikabadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Vilevile, flashi isielekezwe kwenye ukuta uliopakwa rangi, kwa sababu mwanga hurudi ukiwa na rangi ya ukuta. Shuka jeupe hufaa zaidi.

4.0 Mpaka wa Kichujio

Kichujio husawazisha mianga, lakini hakiongezi kile ambacho taa haikukitoa. Pale flashi inapofunikwa ili ifanane na taa, sehemu ya wekundu wake hupunguzwa pia. Hivyo basi, makala hii inapendekeza kutofautisha aina mbili za picha. Picha ya tukio, kwa mfano wanawake wakisuka barazani au darasani jioni, ipigwe kwa flashi iliyosawazishwa, kwani mazingira ni sehemu ya ushahidi. Picha ya rangi, ambayo mtafitiwa ataulizwa juu yake, ipigwe taa zikiwa zimezimwa, kwa flashi isiyo na kichujio au kivulini mchana. Iwapo taa haziwezi kuzimwa, kasi ya shata iongezwe na usikivu wa kamera upunguzwe hadi picha ya majaribio isiyo na flashi itoke nyeusi kabisa.

5.0 Hitimisho

Tasnifu nyingi hueleza kwa kina namna watafitiwa walivyoteuliwa na mahojiano yalivyorekodiwa, ilhali picha huingizwa bila maelezo. Inapendekezwa kwamba kila picha inayotumika kama ushahidi wa rangi iambatane na taarifa nne: aina ya taa, kichujio kilichotumika, kasi ya shata, na picha ya kadi ya kijivu. Kwa taarifa hizo, mtahini anaweza kujua iwapo tofauti ya majina kati ya watafitiwa wawili imetokana na lugha yao au na mrija uliokuwa ukiwaka darini.