Ramani ya nyanda kame: Alama ya maji si hakikisho la maji

SI kila mstari wa samawati kwenye ramani humaanisha maji yapo. Kwa mfugaji wa kaskazini mwa Kenya, kutoijua tofauti hiyo kwaweza kumgharimu mifugo.

Ramani nyingi za eneo hilo zimechorwa kwa kipimo cha 1:100,000, ambapo sentimita 1 huwakilisha kilomita 1 ardhini. Sehemu za kusini zenye watu wengi zina ramani za 1:50,000. Hivyo basi, kisima kidogo huweza kukosekana ramanini pale pale kinapohitajika zaidi.

Mstari usiokatika huashiria mto wa kudumu. Uliokatika-katika huashiria laga, yaani mto wa msimu. Laga ikikauka, maji huweza kusalia chini ya mchanga, na wafugaji huyachimbua. Mistari ya kontua nayo huonyesha maji ya mvua yatateremkia wapi, na panapofaa kuchimbwa bwawa.

Hata hivyo, ramani haionji maji. Mnamo 2013, serikali na UNESCO zilitangaza kugunduliwa kwa hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, Turkana, kwa msaada wa picha za setilaiti. Majaribio ya baadaye yalibaini kuwa maji hayo yana chumvi nyingi.

Kwa hivyo, ramani ya malisho haijakamilika hadi iongezewe kina cha maji, ladha yake, miezi yanapopatikana na hali ya pampu. Hayo hujulikana kwa kufika kisimani na kuwauliza wanaonywesha hapo.