Maneno Mepesi Ndiyo Yanayomtoa Mfasiri Jasho

Anayeanza kujifunza kazi ya tafsiri huogopa maneno marefu. Akikutana na neno la Kiingereza kama "photosynthesis", hudhani hapo ndipo penye kazi. Kumbe neno hilo halimsumbui mtu. Wafaransa huandika "photosynthèse", Wahispania "fotosíntesis", Waitaliano "fotosintesi", Wajerumani "Photosynthese". Wote wamelichota katika mizizi ya Kigiriki, kila mmoja akalivika tahajia yake, na maana imebaki ile ile. Taabu iko katika maneno ambayo mtoto wa miaka mitatu hutamka bila kufikiri: "you", "know", "be", "uncle", "wood", "friend". Hayo ndiyo yanayomfanya mfasiri mzoefu aweke kalamu chini na kuuliza maswali kabla ya kuandika.

Sababu si ngumu kuieleza. Neno la kitaalamu huzaliwa kwa makubaliano: wataalamu huifafanua dhana kwanza, kisha huipa jina, na jina hilo husafiri na fasili yake. Neno la nyumbani halikuitiwa kikao na mtu yeyote. Limekua lenyewe kwa mamia ya miaka, na kila jamii imegawa maana kwa kadiri ya maisha yake. Kwa hiyo unapolitafutia kisawe katika lugha nyingine, mara nyingi hukuti neno lenye ukubwa ule ule. Hukuta mawili yaliyogawana kazi ya moja, au moja linalobeba kazi ya matatu.

Mipaka isiyolingana

Jambo hili limechunguzwa na wanaisimu kwa zaidi ya miaka 100. Ferdinand de Saussure wa Uswisi, ambaye mihadhara yake ilichapishwa kitabuni na wenzake mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, alitoa mfano wa kondoo. Mfaransa husema "mouton" akimtaja mnyama aliye malishoni, na husema "mouton" tena nyama yake ikifika mezani. Mwingereza humwita mnyama "sheep", nyama akaiita "mutton". Hata kama maneno hayo yanagusa kitu kimoja, thamani yake si sawa, kwa sababu "sheep" ina jirani aliyechukua sehemu ya kazi na "mouton" haina.

Mwanaisimu wa Denmark, Louis Hjelmslev, aliliendeleza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1943. Kidenmaki husema "træ" kwa mti ulio hai na pia kwa mbao, na "skov" kwa msitu. Kijerumani hugawa mara tatu: "Baum" kwa mti, "Holz" kwa mbao na kuni, "Wald" kwa msitu. Kifaransa nacho kina "arbre" kwa mti, lakini "bois" yake hubeba mbao, kuni na hata kijisitu, huku "forêt" ikibaki na msitu mkubwa. Sasa chukua sentensi ya Kiingereza inayoagiza "wood" iletwe. Mfaransa ataandika "bois" na kuendelea na kazi yake. Mswahili lazima aulize: ni za kupikia au za kujengea? Akikosea, fundi seremala ataletewa mzigo wa kuni.

Viungo vya mwili vinaonyesha hali hiyo hiyo. Mwingereza hutenga "hand" na "arm", "finger" na "toe". Mrusi ana "ruka" kwa kiungo chote kuanzia begani hadi vidoleni, kama sisi tulivyo na mkono. Mhispania husema "dedo" kwa kidole cha mkono na cha mguu, kama sisi. Rangi nazo hazifanani. "Blue" ya Kiingereza humtaka Mrusi achague kati ya "siniy", bluu iliyokoza, na "goluboy", bluu ya anga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wasemaji wa Kirusi walikuwa wepesi zaidi kutofautisha vivuli viwili vya bluu vilivyoangukia pande mbili za mpaka huo kuliko vilivyo upande mmoja, na wasemaji wa Kiingereza hawakuonyesha tofauti hiyo. Mazoea ya kutaja hufuatana na mazoea ya kutazama.

"You" ni nani?

Katika maneno yote ya kila siku, "you" ndilo linalodai uangalifu mkubwa kuliko mengine, kwa kuwa kosa lake humgusa mtu. Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja. Katika karne ya 17 neno hilo lilififia katika mazungumzo ya kawaida, na "you" ikabeba kila mtu: mtoto, hakimu, umati wa uwanjani. Lugha jirani hazikufuata njia hiyo. Mfaransa huchagua kati ya "tu" na "vous", Mjerumani kati ya "du", "ihr" na "Sie", Mhispania kati ya "tú" na "usted". Na huko Hispania kundi la marafiki huitwa "vosotros", ilhali Amerika ya Kusini na ya Kati kundi lolote huitwa "ustedes".

Kwa hiyo sentensi fupi inayouliza "you" anataka nini haifasiriki mpaka ujue anayesema ni nani, anamwambia nani, na wako wangapi. Tangazo la benki la Kijerumani likimwita mteja mzee "du" linaweza kumwudhi. Barua ya mapenzi yenye "Sie" ni baridi kabisa. Na jibu halikai mahali pamoja milele. Wasweden wa kizazi cha kabla ya miaka ya 1960 walimtaja mkubwa kwa cheo chake ili wasimwite "du". Mwaka 1967 Bror Rexed, alipoanza kuongoza idara kuu ya afya ya taifa, alitangaza kwamba atawaita watumishi wote "du". Mabadiliko hayo, yaliyokuwa yamekwisha kuanza, yakaenea haraka, na leo Wasweden huitana "du" karibu kila mahali. Mfasiri anayetumia kamusi ya kale anaweza kuwaandikia Wasweden wa leo kwa adabu ya mababu zao.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalielewa jambo hili kwa urahisi. Adabu yetu haikai sana katika kiwakilishi. Hukaa katika shikamoo, katika "mzee", "mama", "bibi" na "ndugu". Mfasiri anayehamisha mazungumzo ya mjukuu na bibi yake kwenda Kifaransa au Kijerumani hana budi kuuliza: heshima iliyobebwa na shikamoo huku, kule itabebwa na nini?

Sarufi inapodai jibu

Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri, alieleza kanuni ambayo kila mfasiri anapaswa kuishika: lugha zote zinaweza kueleza jambo lolote, ila hutofautiana katika yale ambayo kila moja inamlazimisha msemaji ayaeleze. Alitoa mfano wa Mwingereza anayesema amemwajiri mfanyakazi. Ili kuisema kwa Kirusi, lazima ujue kama tendo lilikamilika, na kama mwajiriwa ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hakiulizi, Kirusi hakikubali ukwepe.

Ndivyo lilivyo neno "friend". Kwa Kifaransa ni "ami" au "amie", kwa Kijerumani ni "Freund" au "Freundin". Zaidi ya hapo, Mjerumani akisema "mein Freund", mara nyingi husikika akimtaja mpenzi wake. Rafiki wa kawaida huitwa "ein Freund von mir". Binti anayetafsiri neno kwa neno anaweza kuwatangazia wenyeji wake uhusiano usiokuwepo.

"Know" nayo Mjerumani huigawa mara tatu. Kujua habari ni "wissen", kumjua mtu au mahali ni "kennen", na anayejua lugha husema "können". Kifaransa hugawa kati ya "savoir" na "connaître". Na "be", kitenzi cha kwanza kabisa katika somo la kwanza la Kiingereza, kwa Kihispania ni "ser" au "estar". "Juma es listo" ni Juma ni mwerevu. "Juma está listo" ni Juma yuko tayari.

Tusipite pale tulipopoteza

Mfano huo wa Juma una somo kubwa kwetu. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayejifunza Kihispania, Kifaransa au Kijerumani hufundishwa mara nyingi kwa kupitia Kiingereza: neno la Kiswahili hugeuzwa kwanza kuwa la Kiingereza, kisha hutafutiwa kisawe cha tatu. Katika safari hiyo tunatupa maarifa tuliyokuwa nayo mkononi. Kiswahili kimekwisha kutenganisha "ni" na "yuko". Si kila mahali panalingana na Kihispania, kwani "amechoka" nayo huhitaji "estar", lakini mwanafunzi anayeanzia kwenye Kiswahili chake ana msaada ambao "is" ya Kiingereza haiwezi kumpa. Kadhalika, anayefahamu "wewe" na "ninyi" amekwisha kulijibu swali la kwanza la "vosotros". Akipita kwenye "you", analifuta jibu hilo.

Ukoo unaonyesha hasara hii kwa uwazi zaidi. Kisweden kina "morbror" kwa kaka wa mama na "farbror" kwa kaka wa baba, "faster" kwa dada wa baba na "moster" kwa dada wa mama. Maana yake mjomba wetu ni "morbror" bila kubakiza kitu, na shangazi ni "faster". Ukimgeuza mjomba kuwa "uncle", umechanganya watu wawili ambao Mswahili na Msweden wote wanawatofautisha, na kuwatenganisha tena itakubidi ubahatishe. Upande wa pili, neno letu "bibi" linaweza kuwa mama wa baba au mama wa mama, na Msweden atataka kujua kama ni "farmor" au "mormor". Hapo hakuna kamusi itakayokusaidia. Mwulize mwenye habari.

Programu za tafsiri za kompyuta huongeza hatari hii, kwa sababu mara nyingi huunganisha lugha mbili kwa kupitia Kiingereza pale ambapo hakuna maandishi ya kutosha yaliyotafsiriwa moja kwa moja. Sentensi "Yeye ni daktari" haisemi jinsia. Ikifika Kiingereza lazima ichague "he" au "she", na uchaguzi huo wa mashine ndio utakaoingia katika Kifaransa kana kwamba ulisemwa na mwandishi.

Sura moja, maana mbili

Kuna pia maneno yanayodanganya kwa sura. Mwaka 1928 Wafaransa wawili, Maxime Koessler na Jules Derocquigny, waliyaita marafiki wa uongo katika kitabu chao kuhusu msamiati wa Kiingereza, na jina hilo likaenea. "Gift" ya Mwingereza ni zawadi, "Gift" ya Mjerumani ni sumu. "Library" ni maktaba, "librairie" ya Mfaransa ni duka la vitabu. "Embarrassed" ni mwenye haya, "embarazada" ya Mhispania ni mjamzito. Neno "once" katika maelezo ya dawa humwambia Mwingereza ameze mara moja. Kwa Mhispania herufi hizo hizo husomeka 11.

Mwaka 1980, huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hoi. Jamaa zake, wasemaji wa Kihispania, walitumia neno "intoxicado", wakimaanisha kwamba amedhuriwa na kitu alichokula. Neno hilo lilieleweka kama "intoxicated", na madaktari wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe alikuwa akivuja damu ndani ya kichwa. Kijana alipooza mikono na miguu, na shauri likaishia kwa makubaliano ya fidia yaliyokadiriwa kufika dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Hakukuwa na mkalimani aliyesomea kazi katika chumba kile, kwa sababu kila upande uliamini umelielewa neno lile la kawaida.

Kazi iliyo mbele yetu

Wanafunzi, waongoza watalii, wakalimani wa hospitali na waandishi wanaofasiri habari wanaweza kujilinda kwa mazoea machache. Soma sentensi nzima na zile zinazoizunguka kabla ya kugusa neno. Jiulize nani anasema na nani, wako wapi, na wanaheshimiana vipi. Ukipata visawe viwili, vitafute katika kamusi ya lugha lengwa yenyewe, yenye mifano ya sentensi, usitosheke na orodha ya maneno. Ukimaliza, mpe mwingine airudishe tafsiri yako katika lugha ya mwanzo bila kuona matini chanzi. Ikirudi imebadilika, rudi kazini.

Na kwa vyuo vyetu na wachapishaji, ombi ni moja: tupeni kamusi na vitabu vya kufundishia vinavyoanzia Kiswahili na kwenda moja kwa moja Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano. Haiwezi kusemwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Padri Charles Sacleux alitoa kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa jijini Paris mwaka 1939, na Hildegard Höftmann akatoa ya Kiswahili na Kijerumani mwaka 1963. Kazi hizo ziliongozwa na Wazungu waliotaka kukifikia Kiswahili. Ni zamu ya wenye Kiswahili kuandika za kwao, zitakazowafaa Waswahili wanaokwenda kwa lugha hizo.