Nani Hulipia Kinamasi? Tijara ya Watazamaji wa Ndege wa Washington

Miti ya Virginia na Maryland ikishapukutisha majani na baridi ikaanza kuuma, huteremka kutoka Kanada na nchi za ncha ya kaskazini makundi ya bata na batamaji, ambao wakiufikia mto Potomac wa Washington na vinamasi vyake huyakuta maji ambayo aghalabu hayagandi kwa muda mrefu, wakafanya makao hapo hata Machi. Na nyuma ya ndege hao hufuata watu wenye makoti mazito na darubini shingoni. Matembezi yao mgeni angeyahesabu kuwa ni tafrija tu, kumbe yamezaa tijara kubwa, yenye mafundi, wachuuzi, mawakala na ushuru wa forodha, na yenye kasoro moja katika hesabu zake ambayo kwa maoni yangu haijapata kushughulikiwa ipasavyo: kinamasi, ambacho ndicho rasilimali ya biashara yote hii, hulipiwa na watu wengine.

Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ilikadiria mwaka 2016 kwamba watazamaji wa ndege nchini humo walikuwa milioni 45, na mwaka 2022 ikataja milioni 96, waliotumia zaidi ya dola bilioni 100 kwa safari na vifaa. Njia ya kuhesabu ilibadilishwa baina ya miaka hiyo, kwa hiyo haifai kudai kuwa idadi yao imeongezeka maradufu. Ila ukubwa wa soko lenyewe hauna shaka.

Soko hilo laonekana katika Huntley Meadows, bustani ya wilaya ya Fairfax iliyo kusini mwa mji wa Alexandria, yenye eneo la zaidi ya hekta 600, nayo humpokea kila ajaye bila ya kumtoza senti. Ardhi hiyo iliingia mikononi mwa serikali kuu katika miaka ya 1940, ikatumiwa kujaribia lami za barabara, kisha ikawekwa mizinga ya kutungulia ndege za vita, hata mwaka 1975 ikakabidhiwa wilaya kwa dola 1, bei ambayo kwa hakika ni jina tu la hiba. Njia ya mbao hukatiza juu ya maji, na asubuhi ya Januari, barafu nyembamba ikiwa imeshika kingoni na bata wamejikusanya pale palipobaki wazi, husimama hapo mtu mwenye darubini ya Austria au Ujerumani ambayo huenda aliinunua kwa zaidi ya dola 2,000, na kando yake darubini nyingine kubwa juu ya miguu mitatu, na mfukoni simu yenye programu ya Chuo Kikuu cha Cornell inayosikiliza mlio wa ndege ikamtajia jina lake bure. Viatu, koti, chupa ya kahawa, petroli ya gari lililomleta: yote hayo yana muuzaji wake na faida yake, na hakuna hata moja linalorudisha chochote mahsusi kwa kinamasi anachokitazama.

Arudipo nyumbani, mtu huyo huyo hutundika uani chakula cha ndege wadogo, na hapo biashara hii hufika hadi Afrika ya Mashariki. Katika maduka ya mbegu, kando ya magunia ya alizeti, huuzwa mbegu nyeusi nyembamba, kama sindano zilizokatwa vipande, ambayo Wahabeshi huiita nuug na hukamua mafuta yake kwa kupikia tangu kale. Marekani huiagiza kutoka Ethiopia, India na kwingineko, ikiwa ni chakula wakipendacho mno chiriku wa manjano, na sheria ya nchi hiyo inalazimisha ipitishwe kwenye joto kali ili isiote wala magugu yaliyochanganyika nayo yasienee. Katika Silver Spring na Alexandria, miji yenye Wahabeshi wengi, mbegu ambayo mama wa Gojjam, nchini Ethiopia, angeikamua apate mafuta ya mchuzi hununuliwa kwa ajili ya ndege, na mkulima aliyeivuna pengine hajui inakoishia.

Basi ni nani aliyenunua vinamasi? Kwa sehemu kubwa ni wawindaji. Tangu mwaka 1934 kila mwindaji wa bata aliyetimiza umri wa miaka 16 hulazimika kununua stempu ya serikali, ambayo kwanza iliuzwa kwa dola 1 na tangu 2015 ni dola 25, na katika kila dola senti 98 huenda kwenye kununua na kukodi ardhi ya ndege. Kwa njia hiyo zimehifadhiwa zaidi ya hekta milioni 2. Fauka ya hayo, sheria ya 1937 inatoza bunduki ndefu na risasi ushuru wa asilimia 11 kwa ajili ya wanyamapori. Watazamaji hawana wajibu kama huo. Katika miaka ya 1990 lilitolewa pendekezo la kutoza ushuru mdogo darubini, mbegu za ndege na vifaa vya matembezi. Wenye viwanda na maduka walilipinga, likafa. Mwaka 2022 Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka kwa viumbe walio hatarini, nao haukupita katika Seneti.

Gharama ya kutolipa mapema inaonekana wazi katika Dyke Marsh, kinamasi cha mto Potomac kilicho kusini mwa Alexandria. Kuanzia 1940 hadi 1972 kampuni ya Smoot Sand and Gravel ilichimba hapo mchanga na kokoto za ujenzi, ikaliondoa na rasi lililokuwa likikikinga kinamasi na mawimbi ya dhoruba. Na ingawa Bunge lilitaka kihifadhiwe kwa sheria ya 1959, mmomonyoko uliendelea kukila mwaka baada ya mwaka. Baada ya dhoruba ya Sandy ya 2012 serikali ilitenga karibu dola milioni 25 kwa ajili ya kukitengeneza, likajengwa boma la mawe mahali pa rasi lile. Jiji la Washington lilipata mchanga kwa bei rahisi, na wajukuu wakalipa tofauti.

Kwetu Kenya, katika hori ya Mida karibu na Watamu, ambako ndege wa pwani wa Ulaya na Asia hukaa katika miezi hiyo hiyo ya baridi yao, mgeni hulipa ada kabla ya kupita daraja la mbao katikati ya mikoko, na mapato husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke. Mpango huo ni mdogo, na mapato yake hutegemea wageni ambao siasa au maradhi yaweza kuwazuia. Walakini anayefaidi mandhari huijua bei yake.

Washington haina udhuru wa umaskini. Wanunuzi wa stempu ya bata, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni 2, sasa ni kama milioni 1.5, na mfuko uliojengwa na watu wanaopungua hauwezi kubeba peke yake ardhi inayofurahiwa na wanaoongezeka. Stempu hiyo huuzwa posta kwa yeyote, awe na bunduki au asiwe nayo, na katika hifadhi ya taifa ya Occoquan Bay hutumika pia kuwa tiketi ya mlangoni. Lakini hiari haijapata kuendesha hazina ya nchi yoyote, na ushuru wa asilimia chache juu ya darubini ya dola 2,000 hautamzuia mtu aliyekwisha kuazimia kuinunua.